Uza Jeti Ukiwa Singida: Mwongozo kwa Mfanyabiashara Mwenye Maono

Alizeti imekuchosha. Msimu wa 2023 bei ilipoporomoka ulikuwa umejaza stoo ukingoja ipande, ikakataa. Vitunguu vya Misuna navyo vikikaa sana vinaanza kuchipua, na mnunuzi analijua hilo, kwa hiyo anachelewa makusudi. Umefikiri, ukaona heri uhamie kwenye bidhaa isiyooza, isiyongoja mvua, na ambayo mnunuzi wake halipi kwa fedha yake mwenyewe. Bidhaa hiyo ni ndege ya mafunzo ya kivita: jeti ya viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, na chini ya mabawa nafasi ya kuning'iniza mabomu kwa ajili ya mazoezi, au kwa ajili ya lolote litakalotokea.

Hongera. Mwongozo huu utakufikisha maonyesho ya ndege ya Le Bourget, Paris, bila kukusumbua na mambo ya kutengeneza ndege.

Lielewe soko kwanza, na huna haja ya kwenda mbali. Kenya ilinunua Strikemaster 6 za Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaongeza Hawk 12 kuanzia 1980, halafu Tucano 12 zilizoundwa Belfast. Uganda ilizoea za Kicheki: L-29 enzi za Amin, L-39 baadaye. Sisi tuna K-8 za Kichina. Sasa keti ujiulize: kijana anayejifunza kurusha ndege Nanyuki ana mikono gani ambayo mwenzake wa kambi yetu ya Ngerengere hana, hata huyu afundishwe kwa chombo cha Mwingereza na yule kwa cha Mchina? Upepo ni uleule na mvuto wa dunia ni uleule. Kilichotofautiana ni nani alikuwa rafiki wa nani mwaka ule hundi iliposainiwa. Muuzaji anayeingia sokoni akianza na kasi, kimo na ulaji wa mafuta anajionyesha mshamba. Anza na urafiki.

Historia yetu wenyewe ni darasa la bure. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga, ikaleta wakufunzi na ndege ndogo za mafunzo aina ya Piaggio. Kasheshe ikaanzia Zanzibar, ambako Ujerumani Mashariki ilikuwa imekwisha kutambuliwa, na baada ya Muungano ikaruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ikanuna. Februari 1965 wakufunzi wakaamriwa kurudi kwao ghafla, na Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mtu wa kutishwa kwa msaada, akawaambia wachukue na misaada yao mingine. Wakaja Wakanada na Otter na Caribou zao. Wakanada walipofunga virago wakaingia Wachina, wakajenga Ngerengere, wakaleta jeti na walimu wa kuzifundisha. Haikufika miaka kumi, jeshi changa la anga likawa limeshasomeshwa na mataifa matatu. Kwako wewe hiyo ni habari njema kabisa: mteja wa ndege za mafunzo huachika, na anayeachika hutafuta mwingine. Acha kadi yako ya biashara kwenye kila ubalozi unaonuna.

Tuje kwenye bidhaa yenyewe. Huna kiwanda. SIDO watakusaidia kwa mashine ya kukamua alizeti, injini ya jeti hawana. Usijisikie mnyonge, kwa sababu hakuna anayetengeneza ndege nzima peke yake siku hizi. Hiyo K-8 ni ya Wachina na Wapakistani, imepewa jina la milima ya Karakoram iliyo mpakani mwao, na za mwanzo zilibeba injini ya Kimarekani kabla ya kuhamia ya Kiukreni. Kazi yako ni kukusanya vipande vya watu na kuvitungia hadithi.

Mtego ni mmoja, nao umewaumiza wakubwa: mwenye injini ndiye mwenye ndege. Bolivia ilitaka L-159 za Ucheki. Marekani, ambayo injini yake ndiyo iliyokuwa ndani, ikasema hapana, na mwaka 2009 Wabolivia wakaenda zao China wakaagiza K-8 sita. Mwaka 2020 Argentina ikaitamani FA-50 ya Korea Kusini. Wauzaji wakajibu kwa barua ya masikitiko kwamba ndani ya ndege hiyo mna vipande sita vya Kiingereza, na Uingereza haijasahau vita vya Falkland vya 1982. Vipande sita! Ndege ya Kikorea, mnunuzi yuko kule mwisho wa Amerika Kusini, na biashara inavunjwa na vitu ambavyo pengine vingeenea kwenye sanduku la fundi redio. Kwa hiyo kabla hujachapisha vipeperushi, fungua ndege yako uisome ndani, kila msumari, uone wa nani. Utagundua kwamba sehemu pekee isiyohitaji kibali cha Washington au London ni rangi. Basi rangi ipakwe Singida. Misri ilikubaliana na Wachina kuunganisha K-8 kwao Helwan, zikafika 120, na hakuna aliyewacheka. Wewe anza na rangi na kibao cha "Imetengenezwa Singida", kipigiliwe mahali ambapo moto haufiki.

Jina nalo lichague kwa akili. India walikuwa na jeti yao ya mafunzo, HJT-36 Sitara, iliyoruka kwa mara ya kwanza 2003. Zaidi ya miaka 20 ikapita haijaingia kazini jeshini. Februari 2025, kwenye maonyesho ya Bengaluru, ikatangazwa hatua kubwa: ndege imepewa jina jipya, Yashas. Nakuomba uikariri mbinu hiyo. Waingereza waliita yao kipanga, Wakorea tai wa dhahabu. Sisi ndege tunayosifika nayo nchi nzima ni kuku wa kienyeji, na hapo nakusihi ujizuie. Wafaao ni heroe wa Ziwa Singidani. Wana shingo, wana rangi, na kila mgeni anawapiga picha. Iite Heroe-1. Ikigoma kuruka, iite Heroe-2.

Utahitaji vipeperushi vya aina mbili, karatasi tofauti, na mfuko tofauti wa koti kwa kila kimoja. Cha kwanza kinasema ndege hii ni ya mafunzo tu, chombo cha elimu, karibu sawa na dawati. Hicho ni cha wabunge, wafadhili na waandishi wa habari. Cha pili kinaonyesha ndege ileile ikiwa na mizinga, na kinasema "mashambulizi mepesi". Hicho ni cha majenerali. Waitaliano wana M-346 ya kufundishia na M-346FA ya kupigania. Wakorea wana T-50 mwanafunzi na FA-50 askari. Ukikutana na mbunge aliyekaa meza moja na jenerali, toa kadi ya biashara peke yake.

Sasa maonyesho. Kalenda si ngumu: Paris ni Juni miaka ya witiri na Farnborough ni Julai miaka ya shufwa. Dubai ni Novemba ya witiri, Zhuhai kwa Wachina ni Novemba ya shufwa. Afrika Kusini wanafanya ya kwao Waterkloof, Septemba ya shufwa, na Wakenya waliweka tamasha lao Uhuru Gardens mwaka 2022. Paris ndio wakongwe: walianza 1909, mwaka uleule ambao Wajerumani walikuwa wanachimba dhahabu Sekenke kwetu Iramba. Wao walibaki na maonyesho, sisi tukabaki na mashimo.

Usiogope kwamba hujawahi kufika Le Bourget. Umewahi kufika Nzuguni, Dodoma, siku ya Nane Nane? Basi umefika. Kuna mabanda na kofia zenye nembo. Kuna maji ya chupa kwa ajili ya mgeni rasmi, na kijana aliyevaa suti ya kuazima anayejibu kila swali kwa kutoa kipeperushi. Mgeni rasmi anapita na msafara, anasimama dakika mbili, anauliza swali moja ambalo halina uhusiano na bidhaa, anapigwa picha, anaondoka, na wenye banda wanasema wametembelewa. Le Bourget tofauti yake ni kwamba mgeni rasmi akiondoka, anaingia nyuma ya banda, kwenye chumba chenye zulia na mvinyo ambacho mimi na wewe hatuoni. Biashara yote iko kwenye chumba hicho. Jeti inayonguruma juu ni kwa ajili ya kuwapa watoto na waandishi wa habari kitu cha kutazama wakati watu wazima wanazungumza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwahi kuona kitu kikijitembeza kwa kilomita 800 kwa saa, kichwa chini miguu juu. Muulize Scorpion. Jeti hii ya Kimarekani iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 2013, na Julai 2014 tayari ilikuwa Farnborough inatongoza. Nzuri, ya bei nafuu, watu wakaisifu sana. Hakuna aliyeinunua. Kila mteja aliuliza swali lilelile ambalo mama mkwe huuliza: mbona kwenu hawajakuchukua? Jeshi la Marekani lilikuwa halijainunua, na mgeni hawi wa kwanza kula chakula ambacho mpishi mwenyewe hagusi. Hivyo kabla ya Paris, hakikisha JWTZ wamenunua angalau moja. Ukishindwa, sema mazungumzo yanaendelea vizuri. Mazungumzo huwa yanaendelea vizuri.

Kuna kosa ambalo wanaoanza hulifanya: kungoja mauzo ndipo watangaze. Tangaza kwanza. Februari 2009 Falme za Kiarabu zilitangaza, mbele ya kamera, kwamba zimechagua M-346 za Italia, ndege 48. Mikono ikashikwa, magazeti yakaandika. Mkataba haukusainiwa mpaka leo. Julai 2019 Rais wa Guatemala na Rais wa Argentina walitangaza kwamba Guatemala inanunua Pampa III mbili, yaani jeti ambayo Waargentina walikuwa wanajaribu kuiuza nje tangu miaka ya 1980. Siku chache baadaye mamlaka za Guatemala zikasimamisha ununuzi, na Pampa zikabaki Argentina. Lakini siku ile ya tangazo walikula, wakanywa, wakapigwa picha, na hizo hazikurudishwa. Kwa lugha ya biashara hati ya makubaliano ni mwaliko wa kuja kuzungumzia mwaliko. Saini nyingi iwezekanavyo, hata na watu wa banda la jirani.

Siku ya kumkabili mteja mwenyewe itafika. Fanya mazoezi nyumbani, mkeo au mumeo akae upande wa jenerali. Yatakwenda hivi:

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Ndege yako inaruka?"

"Afande, kuruka ni hoja ya jana. Hii inajenga uwezo."

"Nimeuliza, inaruka?"

"Kuruka kumetajwa, Afande, kwenye rasimu ya makubaliano, ibara ya 14."

"Na vipuri?"

Hapo, ndugu yangu, ndipo utabasamu. Umefika nyumbani. Muuza kuku wa stendi ya Singida anauza tenga lake mara moja: basi linaondoka, kuku wanaliwa Dar es Salaam, habari imekwisha, na akitaka hela nyingine lazima atafute kuku wengine. Muuza jeti anauza kuku asiyeliwa, asiyetaga, anayekula pumba ya aina moja tu, na pumba hiyo inapatikana kwako peke yako kwa miaka thelathini. Tairi ni lako. Kioo ni chako, na hata kiti cha kumrusha rubani nje hatari ikitokea kina baruti yenye tarehe ya mwisho, kama dawa ya hospitali, na tarehe ikifika lazima ibadilishwe hata kama ndege haijawahi kuondoka bandani. Ndege yenyewe unaweza kuitoa kwa bei ya kutupa. Ila usizidishe: Septemba 2018 Boeing walishinda zabuni ya kulijengea jeshi la Marekani jeti 351 za mafunzo, mkataba wa hadi dola bilioni 9.2, kwa bei iliyowaacha wapinzani midomo wazi. Tangu hapo wameandika hasara ya zaidi ya dola bilioni moja kwenye mradi huo. Ndege yao inaitwa kipanga mwekundu, na wekundu umehamia kwenye vitabu vya hesabu.

Njia nyingine ya kistaarabu ni kuifungasha ndege yako na kitu kikubwa. Desemba 2012 Oman iliagiza Typhoon 12 za kivita na Hawk 8 za mafunzo katika mkataba mmoja wa pauni bilioni 2.5. Ndugu zetu wa Maskati wanajua kununua: ukichukua gunia, mwenye duka anakuongezea kibaba. Wewe huna Typhoon. Una alizeti. Jaribu hivyohivyo.

Angalia pia adui wa bei rahisi, yaani pangaboi. Neno hilo tulilitumia kuzikejeli Bombardier za Air Tanzania zilipotua 2016, na zikabeba watu vizuri tu. Kwenye mafunzo ya kijeshi pangaboi za Waswisi na Wabrazili zinamfundisha kijana karibu kila kitu ambacho jeti inamfundisha, kwa mafuta kidogo zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, kwa hiyo usiijibu. Mwulize jenerali tu: siku ya Uhuru, mbele ya marais wageni, atapenda kupitisha nini juu ya uwanja?

Sasa sauti ya chini kidogo, tuongee kuhusu dalali. Kila ndege ina dalali. Dalali hana ofisi, ana simu mbili, na kampuni yake imeandikishwa kwenye kisiwa ambacho hajawahi kukanyaga. Usimwogope, lakini usimlipe kizembe, kwa maana nchi hii ina kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 BAE, kampuni hiyohiyo ya Hawk, ilituuzia rada kwa pauni milioni 28, bei ambayo hata Benki ya Dunia iliishangaa. Baadaye ikaonekana kwamba kama dola milioni 12.4 zilipitia kwa wakala. Desemba 2010 mahakama ya London ikaitoza kampuni faini ya pauni 500,000, kwa kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za mahesabu. Narudia, kwa faida ya wanafunzi wa biashara: kosa lilikuwa la utunzaji wa kumbukumbu. Pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati, na wananchi wakaziita chenji ya rada. Somo la kiufundi ni hili: tunza kumbukumbu. Ukihonga, omba risiti.

Utapata upinzani bungeni, ni kawaida. Mheshimiwa mmoja atasimama kuuliza kwa nini tununue jeti wakati zahanati ya kwao haina nyumba ya mganga. Usimkatishe. Ndege ya rais ilipokuwa inanunuliwa, miaka hiyohiyo ya rada, waziri wa fedha wa wakati huo alinukuliwa akisema hata ikibidi kula nyasi, ndege itanunuliwa. Jibu hilo kwa Mbeya au Kagera linaweza kukubalika. Kwetu kuna tatizo la kitaalamu: ikifika Septemba, kuanzia Itigi mpaka Mkalama, nyasi zenyewe hakuna, na zilizobaki zina wenyewe, nao ni ng'ombe. Mpelekee mheshimiwa kile kipeperushi cha kwanza, cha dawati.

Zimebaki taratibu ndogo. Usafirishaji: ukiuza Uganda au Rwanda, usiirushe. Ipakie kwenye lori, lakini dereva awe mwenyeji wa mlima Sekenke, maana ile miteremko imekula malori mengi yenye mizigo isiyo na mabawa. Upepo wa Singida, ule ambao wawekezaji wa umeme wameukodolea macho miaka mingi, usiutaje kwenye vipeperushi. Onyesho la nyumbani, kama utalazimika, lisifanyike karibu na Singidani wala Kindai: heroe mmoja akiingia kwenye injini utakuwa umeharibu ndege mbili kwa mpigo, na mmoja wao anapendwa na watalii.

Ikitokea mwaka ukapita, Paris ukaenda, Dubai ukaenda, hati za makubaliano umejaza sanduku na hakuna aliyelipa hata shilingi, usivunje ile sampuli uliyopaka rangi. Ipeleke Nzuguni mwezi wa Agosti, omba kiwanja karibu na banda la mifugo ambako watu hawakosi, zungushia kamba, weka ngazi ya kupandia mpaka kwenye kiti cha rubani na kofia moja ya kuvaa kwa zamu. Mtoto shilingi 500, mtu mzima 1,000. Mgeni rasmi bure, na picha yake usimpe mpaka umeibandika kwenye kipeperushi cha mwaka ujao.